Umati Mbele ya Muujiza
(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Moshi, siku chache kabla ya sherehe za kumbukumbu)



Kamati ilinipa nafasi ya kusema machache juu ya imani na umoja. Mada hiyo ni pana mno kwa mtu aliyeishia kidato cha nne na kutumia maisha yake nyuma ya kaunta ya vipuri vya magari. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niifinye. Nataka kuzungumza juu ya jambo moja tu: nini huwapata watu, wakiwa wengi na wakiwa mahali pamoja, pale inaposemwa kwamba Mungu ameonekana hapa, au kwamba neema yake imeshuka hapa, saa hii. Nimeichagua mada hii kwa sababu wiki ijayo mlango wa hekalu hili utapitwa na watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na kuna maamuzi mawili matatu ambayo hatujayafanya.

Nianze na la hapa kwetu. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, jioni, katika uwanja wa Majengo, ibada kubwa ya uponyaji ilikuwa inaelekea ukingoni. Mafuta ya upako yalimwagwa chini, na watu wakaalikwa wayakanyage wapate kupona na kufunguliwa vifungo vyao. Wakagombania kupita. Watu 20 walikufa, miongoni mwao watoto, na wengine wengi wakajeruhiwa. Mhubiri sitamtaja, kwani sikuja kuhukumu dhehebu la mtu, na waliofiwa ni majirani zetu. Wengine wamo humu ndani jioni hii, nami nawapa pole upya.

Lililonikaa moyoni ni maneno yaliyosemwa baadaye. Nyuma ya kaunta mtu husikia mengi. Wateja wangu wa makanisa ya zamani, wale ambao babu zao walibatizwa katika misheni za Kilema na Machame, walitikisa vichwa wakasema: hao ni watu wa mafuta. Na baadhi ya watu wetu walisema, kwa Kigujarati ili wasisikike, kwamba watu wale hawakuwa na akili, na kwamba jambo kama lile haliwezi kutokea kwetu. Maneno haya mawili ni ndugu. Yote mawili yanamwondolea msemaji jukumu la kukagua mlango wake mwenyewe.

Basi tutazame kwetu. Tarehe 25 Januari 2005, huko Maharashtra, mahujaji walipanda kilima kwenda hekalu la Mandher Devi karibu na mji wa Wai. Desturi ni kuvunja nazi mbele ya mungu wa kike. Maji ya nazi yalilowesha ngazi za mawe, watu wakateleza, waliokuwa nyuma wakaendelea kupanda, na watu karibu 300 wakafa. Tarehe 3 Agosti 2008, kwenye hekalu la Naina Devi katika jimbo la Himachal Pradesh, ulienea uvumi kwamba mlima unaporomoka. Waliokuwa wakipanda wakageuka, wakakutana na wengine katika njia nyembamba, na zaidi ya watu 140 hawakurudi nyumbani. Na majuzi tu, tarehe 2 Julai 2024, wilayani Hathras, jimbo la Uttar Pradesh, mhubiri mmoja alipokuwa akiondoka, wafuasi walikimbilia kuchota vumbi la mahali alipopita. Kibali kilikuwa cha watu 80,000, na polisi walisema waliofika walikuwa kama 250,000. Wakafa 121, karibu wote wanawake.

Mafuta chini ya nyayo Moshi, vumbi la nyayo Hathras. Anayecheka hayo mafuta aniambie tofauti yake na lile vumbi.

Kiswahili kimetupa neno «mkanyagano», na ni neno tunalolitumia sote. Lakini lina kasoro moja: linatufanya tufikiri kwamba watu hufa kwa kukanyagwa na wenzao waliopagawa. Wanaochunguza mambo haya wametueleza vingine. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Katika mita mraba moja watu wanne wanaweza bado kusogea. Wakifika sita au saba, mwili wa mtu hauko tena chini ya amri yake, kwani umati unakwenda kama maji katika mfereji, na msukumo mdogo wa nyuma unafika mbele ukiwa mkubwa. Kifua kinabanwa na pumzi inakata. Mtu anakufa bila mguu wa mtu yeyote kumgusa. Aliye nyuma hajui. Anachokiona yeye ni migongo iliyosimama, anadhani kuna uzembe mbele, anasukuma kidogo, kwa adabu kabisa, kama sisi sote tunavyosukuma kwenye dirisha la tiketi. Hakuna mwuaji katika umati wa namna hiyo. Kuna mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni na muda mfupi.

Nasisitiza hilo la muda mfupi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini miujiza mingine huua na mingine haiui, na jibu nililolipata si la kidini hata kidogo. Ni jibu la mchuuzi. Watu hugombania bidhaa wakiamini ni chache, inauzwa mahali pamoja, na duka linafungwa sasa hivi.

Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka tarehe 21 Septemba 1995. Kabla ya alfajiri, katika hekalu moja la New Delhi, ilisemwa kwamba sanamu ya Ganesh imekunywa maziwa kutoka kwenye kijiko. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imeenea India nzima, na kwa simu ikavuka bahari hadi Nepali, Kanada na Uingereza. Nyumbani kwetu simu iliita kutoka London, na aliyepiga alikuwa analia kwa furaha. Katika mahekalu ya Southall watu walifika kwa maelfu. Delhi magari yalikwama barabarani na maziwa yakaadimika madukani. Wanasayansi wa serikali ya India walikwenda na maziwa yaliyotiwa rangi, wakaonyesha jinsi yanavyovutwa kutoka kwenye kijiko na kushuka taratibu mbele ya sanamu kama utando mwembamba. Waliita mvutano wa uso wa kimiminika. Walioamini waliendelea kuamini, wasioamini wakafurahi, na kufikia kesho yake mambo yalikuwa yametulia.

Sitaki kuamua nani alikuwa sahihi. Nina maoni yangu na mke wangu ana yake, na tumeishi kwa amani. Tazameni umati. Walikuwa mamilioni, wameshika vijiko, wamepanga foleni. Mtu aliyeona foleni ni ndefu alirudi nyumbani akajaribu kwa Ganesh wake wa kabatini. Muujiza ulikuwa kila mahali, kwa hiyo hapakuwa na la kukimbilia. Ndivyo tunavyoutazama mlima wetu. Jioni mawingu yanapofunguka na Kibo kikaonekana, watu husimama njiani, mwenye baiskeli hushuka, na sijapata kuona mtu akimsukuma mwenzake ili aone vizuri zaidi.

Mambo ya Kawangware, Nairobi, yalikuwa ya namna nyingine. Tarehe 11 Juni 1988, katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, mhubiri aliyesifika kwa uponyaji, alitokea mtu mrefu mwenye ndevu, aliyevaa kanzu nyeupe na kitambaa kichwani. Walioshuhudia walisema alizungumza Kiswahili, akawabariki watu, kisha akaondoka na hakuonekana tena. Gazeti la Kenya Times lilichapa picha zake pamoja na maelezo kwamba maelfu ya watu walimtambua kuwa ni Yesu. Picha zikasafiri dunia nzima, na huko London kulikuwa na kundi lililokuwa likimngojea mwalimu wa ulimwengu, nalo likasema ndiye huyo. (Kwa macho ya mtu wa asili ya India, mavazi yale hayakuwa ya ajabu sana, na naliacha jambo hilo hapo.)

Kinachonivutia katika kisa hicho ni haraka ya kukubaliana. Watu elfu kadhaa, wanamwona mtu mmoja kwa dakika chache, na wanatoka na jina moja midomoni. Nadhani wachache walio mbele huona, walio katikati husikia, na walio nyuma hupokea jina lililokwisha kuamuliwa. Kisha wote husimulia kama walioona. Uongo haumo katika hilo. Mtu aliyetembea tangu alfajiri, akaimba saa nne juani, akamwona jirani yake analia na kupiga magoti, naye hupiga magoti. Nimefanya biashara miaka arobaini na natambua jambo hili: mteja wa pili hununua kwa sababu amemwona wa kwanza ananunua.

Jirani zetu wa Rwanda walipata jambo zito zaidi. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Kibeho, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na Bikira Maria. Wenzake walimcheka. Baadaye wengine wawili, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, wakasema hivyo hivyo, na Marie Claire alikuwa amewahi kuwa miongoni mwa wenye kubeza. Umati ukaanza kuja. Lijengwe jukwaa, wakasema, ili watu waone. Lakini waone nini? Watu walimwona msichana anatazama juu na kujibu maswali wasiyoyasikia. Nusu ya mazungumzo tu ndiyo iliyowafikia. Tarehe 15 Agosti 1982, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 20,000, wasichana walilia na kutetemeka, wakisema wameona damu na miili isiyo na vichwa. Miaka 12 baadaye Rwanda iliona hayo kwa macho ya wazi, Kibeho penyewe pakiwamo, na Marie Claire akawa mmoja wa waliouawa.

Kanisa Katoliki halikukimbilia kusema ndiyo wala hapana. Askofu wa Butare aliunda tume mbili, ya madaktari na ya wanateolojia. Watu wengi wengine walikuwa wamezuka nchini wakidai kutokewa, hao hawakukubaliwa. Tamko la mwisho, kuhusu wasichana watatu tu wa mwanzo, lilitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001. Ilikuwa karibu miaka 20. Sisi si Wakatoliki na hatudaiwi kukubali tamko lile, lakini subira ile ni ya kuigwa. Umati haukuweza kungoja dakika ishirini, na maaskofu waliweza kungoja miaka ishirini, na ibada ya Kibeho haikupungukiwa kitu kwa kungoja huko.

Nirudi Tanzania, kwa kisa ambacho wengi wenu mlikisafirisha. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mzizi, ya kunywewa kikombe kimoja, kwa shilingi 500, kijijini Samunge, Loliondo. Sisi wa vipuri tulijua ukubwa wa jambo lile kabla ya magazeti. Springi zikaisha dukani, shokapu zikaisha, matairi ya Land Cruiser yakawa hayapatikani Moshi wala Arusha, maana njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron haikuwa barabara bali mawe na vumbi. Nauli zilipanda kila siku. Baba mmoja wa Rombo alikuja kuuza kwangu betri ya trekta lake ili apeleke mke wake Samunge. Nilimpa pesa na betri nikamwachia.

Foleni ya magari ilipita kilomita 20. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije hadi tarehe 1 Aprili, ili walioko wahudumiwe kwanza. Kufikia wakati huo iliripotiwa kwamba watu wapatao 50 wamefia njiani na kwenye foleni. Hawa hawakubanwa. Walikuwa wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini, wakalala siku kadhaa ndani ya magari bila maji ya kutosha wala choo wala daktari. Wengine waliacha dawa za kisukari na za UKIMWI baada ya kunywa kikombe, na idadi ya hao haikuandikwa kwenye bango lolote. Hata hivyo niseme haki ya mzee yule, ambaye alifariki Julai 2021: kikombe hakikurushwa hewani. Kilipelekwa kwenye gari, mkononi mwa mtu, na aliye katika gari la mia tano alijua kwamba zamu yake itafika. Ndiyo maana umati mkubwa kiasi kile ulikaa nyikani bila kuminyana.

Majirani zetu Waislamu nao wana la kutufundisha, kwa kuwa wamelipa bei kubwa. Huko Mina, tarehe 12 Januari 2006, mahujaji 346 walikufa kwenye daraja la Jamarat. Hakuna aliyewaambia wapunguze imani. Daraja lilivunjwa, likajengwa jipya la ghorofa kadhaa, wenye kuingia wakapewa njia yao na wenye kutoka njia yao. Maafa mengine yametokea Mina tangu hapo, mwaka 2015, lakini yalitokea barabarani, siyo kwenye daraja lile.

Sasa nije kwenye hekalu letu, na naomba wazee mnivumilie, maana hapa ndipo tutakapotofautiana.

Mfadhili mmoja mwema, ambaye ukarimu wake umelijenga nusu ya paa lililo juu yetu, amejitolea sarafu za fedha zenye picha ya mungu wetu, zitolewe siku ya kilele, baada ya aarti, kwa watu 100 wa kwanza watakaofika mbele. Nia yake ni njema na sarafu ni nzuri. Mimi napinga zisitolewe hivyo. Watu 100 wa kwanza, mahali pamoja, dakika ile ile pazia linapofunguliwa kwa ajili ya darshan: nimekwisha kuwaelezeni jioni hii maneno hayo yanamaanisha nini. Nimezungumza naye kwa heshima. Nimependekeza sarafu zigawiwe kwa nyumba, zipelekwe na vijana kwa muda wa wiki nzima, na zikipungua, wafanyabiashara tuchange za kuongezea, mimi nikiwa wa kwanza. Bado hajakubali. Anasema kitu kinachopelekwa nyumbani si baraka, ni bahasha. Namwelewa, na bado napinga.

Nazi zisivunjwe kwenye ngazi. Zivunjwe uani, karibu na bomba, na kijana awepo na ufagio. Prasad iwekwe kwenye meza tatu zilizo mbali, na pujari atangaze mapema, kabla ya aarti, kwamba inatosha wote na itagawiwa hadi usiku. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watajichukulia wenyewe. Ni vizuri wajue kabisa kwamba watapewa. Viatu, jamani, viatu! Kila mwaka vinarundikwa pale pale kwenye kizingiti, na kila anayetoka anainama kutafuta chake huku wengine wako nyuma yake. Mtu aliyeinama mlangoni ni ngazi yenye maji ya nazi. Viwekwe upande wa barabarani, chini ya turubai, kwa namba.

Wageni wetu wa dini nyingine watakaokuja kutazama, wapewe njia ile ile na ukarimu ule ule, wasipangwe nyuma kama watu wa ziada. Aliye nyuma asiyeona ndiye anayesukuma.

Na mlango wa nyuma, ule wa upande wa jikoni, umefungwa kwa kufuli tangu tulipoibiwa masufuria. Najua kuna wanaotaka ubaki hivyo siku ya sherehe, kwa ajili ya usalama wa vyombo. Nimeupima: watu wawili wanapita sambamba. Mlango wa mbele unapitisha watatu. Tukiufunga ule, tumepunguza njia ya kutokea kwa mbili ya tano, ili kulinda masufuria. Nililikuta kufuli lina ufunguo mmoja, nao uko kwa mtu ambaye wiki hii yuko Dar es Salaam. Leo asubuhi nimenunua kufuli jipya lenye funguo tatu. Mmoja nimempa pujari, mmoja nimempa mama anayeongoza bhajani kwa sababu yeye huondoka wa mwisho, na wa tatu ndio huu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naomba uupokee mbele ya watu wote.